Waziri wa Nje Akija Malindi, Atukute Tumeshasoma

Assalaamu alaykum, na ndugu zangu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamoni. Mama zangu mlioacha shughuli za jioni mkaja kukaa nasi, ahsanteni sana. Wanangu mlio shuleni, na nyinyi mliomaliza shule sasa mko kwenye tuktuk, boda na ufuoni, maneno yangu mengi leo ni yenu.

Nimeombwa nizungumzie uhusiano wa nchi yetu na nchi za nje. Mara kwa mara tukifungua redio tunasikia waziri wa mambo ya nje wa nchi fulani yuko Nairobi, amekuja kuimarisha uhusiano. Habari inasomwa kwa dakika mbili: wamekutana, wamepeana mikono, wametia sahihi. Mtu wa Malindi anaisikia, anaizima redio, anakwenda zake pwani kuangalia mashua zimeleta nini. Haoni linalomhusu. Mimi nasema linamhusu, tena kuliko Wakenya wengi, kwa sababu mji huu ulipokea wajumbe wa mataifa karne nyingi kabla hakujakuwa na nchi inayoitwa Kenya. Kupokea tunajua. Tunaposhindwa ni kwenye karatasi anayoiacha mgeni mezani: haturudi kuisoma.

Niwaeleze kwanza ziara ya waziri wa nje inakwendaje, maana wengi tunaiona kwenye picha tu. Waziri hatui akaanza kujadiliana. Miezi kabla, maofisa wa wizara mbili na balozi za pande zote wamekuwa wakipelekeana rasimu. Huyu anakata neno, yule anarudisha neno. Biashara wanakaa peke yao, elimu peke yao, ulinzi peke yao. Nchi nyingi zina tume ya pamoja ya ushirikiano inayokutana kwa zamu, mara huku mara kule, na humo ndimo mambo yanamopikwa. Siku ndege inapotua, kilichobaki ni kutia sahihi, kusoma taarifa ya pamoja na kula chakula cha mchana. Kwa hiyo mtu anayesubiri siku ya ziara ili apeleke shida yake amechelewa. Atapewa kiti, atapigiwa makofi, na karatasi haitabadilika hata nukta.

Na karatasi zenyewe si za namna moja. Ipo hati ya maelewano, ambayo mara nyingi inasema tu kwamba pande mbili zina nia ya kushirikiana. Hiyo ikikaa miaka mitano bila kazi, hakuna wa kumshtaki. Kisha upo mkataba hasa, unaoifunga nchi. Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya pili, inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia unakuwa sehemu ya sheria za Kenya. Mwaka 2012 Bunge likapitisha sheria ya kutunga na kuridhia mikataba. Kwa sheria hiyo, mikataba ya nchi mbili inayogusa usalama wa taifa, haki na wajibu wa raia, au mazingira na maliasili, haimalizwi na waziri peke yake. Inapita Baraza la Mawaziri, inafika Bungeni, na kamati ya Bunge inatakiwa iwashirikishe wananchi. Mazingira na maliasili, wazee wangu, ndiyo bahari. Ndiyo samaki, mikoko, na ule mchanga wa Ngomeni. Sheria imeshatutengea kiti, ila inatubidi tujue kikao ni lini.

Sisi tumezoea kushirikishwa kwa namna nyingine. Mgeni mkubwa akitangazwa, kingo za barabara zinapakwa chokaa nyeupe na nyeusi, mashimo ya miaka yanazibwa kwa usiku mmoja. Kina mama wanaitwa saa moja asubuhi na leso zao za sare, wanapangwa kwenye jua, ngoma inapigwa kisha inasimama kwa sababu ilidhaniwa mgeni kafika, kumbe ni gari la polisi. Msafara ukitokea ni saa saba. Magari manane yanapita, kioo kinashushwa kidogo, mkono unapungwa. Mama anarudi nyumbani na sauti imekauka. Nimeyaona haya kwa macho yangu na yananiuma mpaka leo, kwa sababu wale mama walikuwa na ya kusema. Mmoja wao alikuwa na mtoto aliyesoma akakosa kazi, mwingine alikuwa na mume mvuvi. Hakuna aliyewauliza. Waliitwa kuimba.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofunzwa na wakubwa wetu. Naomba leo tulipime neno la pili, kupona kwa mwenyeji. Nitapima kwa historia yetu wenyewe.

Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China wakiwa na twiga, zawadi kwa mfalme Yongle wa ukoo wa Ming. Mwaka uliotangulia Wachina walikuwa wameshaona twiga mwingine huko, aliyeletwa kutoka Bengal, na watu wa ikulu walimchukua mnyama yule kuwa ishara ya baraka ya utawala. Huyu wa kwetu akaja kuizidisha furaha. Wajumbe hawakuachwa warudi kwa bahati: katika safari ya tano ya Zheng He, amiri wa meli za China, kati ya 1417 na 1419, meli za China ziliwarejesha wajumbe wa nchi mbalimbali makwao, wa Malindi wakiwemo. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa China na wa Makavazi ya Taifa ya Kenya walikuwa wakichimba pamoja Mambrui, hapo ng'ambo ya mto Sabaki, wakapata sarafu ya zama za Yongle. Hadithi ya twiga inapendwa sana na wajumbe wa China wanapokuja, nami siichoki. Napenda vijana waione kwa jicho la pili. Malindi ya wakati ule ilituma ujumbe wake mwenyewe. Ilijua inachokitaka, ikachagua zawadi, ikavuka bahari. Haikukaa ikingoja kupigiwa simu.

Sasa njooni mwaka 1498. Mwezi wa Aprili baharia wa Kireno Vasco da Gama anafika hapa akitoka Mombasa, ambako hawakuelewana. Mfalme wa Malindi anampokea vizuri. Kwa nini? Si kwa sababu watu wa Malindi ni wapole na wa Mombasa ni wakali, kama tulivyosomeshwa vitabuni. Malindi na Mombasa walikuwa wapinzani wa biashara, na mfalme wetu aliona kapata mshirika mwenye mizinga. Ilikuwa hesabu ya kisiasa, na kwa siku ile haikuwa mbaya. Akampa mgeni chakula, akampa rubani anayeijua bahari ya Hindi, na tarehe 20 Mei Wareno walikuwa wamefika Calicut, kule India. Njia waliyoitafuta kwa miongo walionyeshwa wakitokea hapa kwetu, kwa safari isiyofika mwezi.

Urafiki ule ulidumu karibu miaka mia moja. Hebu fikirini malipo yake. Mwaka 1593, baada ya Mombasa kushindwa, Wareno walianza kujenga ngome ya Fort Jesus. Mfalme wa Malindi wakamhamishia Mombasa wakampa kiti cha usultani kule. Alionekana kushinda: adui yake wa zamani yuko chini yake, na katika makubaliano akaahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha ya Mombasa. Lakini biashara ilihama pamoja na kiti. Malindi ikabaki nyuma, ikaanza kufa, mpaka karne ya 19 wageni waliopita hapa walikuta magofu na vichaka. Ilikuja kuinuliwa tena wakati wa Sultani Majid wa Unguja.

Na ile theluthi? Ilizaa ugomvi. Sultani Hasan, wa ukoo ule ule wa Malindi, alikosana na makapteni wa Kireno, akakimbilia Rabai, na mwaka 1614 akauawa kule. Mwanawe Yusuf alichukuliwa mtoto akapelekwa Goa, koloni la Wareno kule India, akabatizwa jina la Jerónimo, akalelewa Kireno, kisha akarejeshwa kutawala. Waliomlea walidhani wamepata mtu wao. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, akamuua kapteni, akaitwaa ngome. Mwaka uliofuata aliondoka, Wareno wakarudi. Karne nzima ya urafiki iliishia kwenye damu, na mzizi wake ulikuwa ahadi ambayo upande mmoja tu ndio ulioshika daftari. Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufalme pia.

Nilipokuwa nafundisha nilikuwa nawapeleka watoto kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama, pale kwenye mwamba. Mnaijua, mnara mweupe, juu yake msalaba wa jiwe uliotoka Ureno na ngao ya mfalme wao. Siku moja msichana wa darasa la saba, mtoto mtulivu kabisa, alizunguka nguzo yote kisha akaniuliza, "Mwalimu, na yule mfalme aliyewapa rubani, jiwe lake liko wapi?" Halipo. Nikamwambia halipo. Urafiki ulikuwa wa watu wawili, na ukumbusho ulibaki wa mmoja.

Basi tuje kwa rafiki wa zama zetu. Hapa Malindi huwezi kusema uhusiano wa nje bila kuitaja Italia. Waitaliano wako kwetu kwa miaka mingi, wana nyumba, wana hoteli, wana wake na watoto, wengine wamezeekea hapa wakazikwa hapa. Kijana wa Malindi ambaye hajawahi kuvuka Mtwapa anakuelekeza bei ya kikoi kwa Kiitaliano kilichonyooka. Mimi nalipenda jambo hili, na nasema hivyo nikijua kuna wanaolidharau.

Lakini ukimuuliza kijana huyo huyo Waitaliano wamefanya nini Ngomeni, wengi watakwambia kuna kambi, haingiliki. Sikilizeni basi. Miaka ya 1960, profesa Luigi Broglio wa Rome alitafuta mahali pa kurushia satelaiti, akachagua bahari ya Ngomeni. Alikuwa na sababu. Dunia inazunguka, na hapa karibu na ikweta ardhi inakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki inaondoka ikiwa na kasi hiyo mfukoni, bure, bila kuchoma mafuta. Na mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vikianguka havimwangukii mtu. Ikweta na bahari hiyo hakuna Mtaliano aliyekuja nazo kwenye sanduku. Ni mtaji wa mahali hapa. Wao walileta elimu na majukwaa, yale ya San Marco na Santa Rita yaliyosimamishwa baharini, na roketi zikatoka Marekani.

Satelaiti ya kwanza iliruka pale tarehe 26 Aprili 1967. Ya kujivunia zaidi iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, nchi yetu ikitimiza miaka saba ya uhuru, na Wamarekani walioitengeneza wakaipa jina la Uhuru. Hakukuwa na satelaiti nyingine kabla yake iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339, na vipimo vyake vilikuwa miongoni mwa vilivyowafanya wanasayansi wakubali kwamba mashimo meusi ya angani, yale ambayo hata mwanga hauponyoki, yapo kweli. Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani na kuongoza kazi ile, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya sayansi ya nyota dunia nzima, na safari yake ilianzia mahali ambapo ukipanda matatu ya Ngomeni unafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Nani aliwafundisha haya watoto wa Ngomeni? Wavuvi wa pale wanayajua majukwaa kwa sababu samaki hupenda kukaa chini ya nguzo zake.

Kwa miaka 21, mpaka Machi 1988, satelaiti tisa zilirushwa pale. Kisha roketi zikanyamaza, zikabaki antena za kufuatilia na kupokea data. Kituo sasa kinaitwa kwa jina la Broglio.

Tarehe 24 Oktoba 2016, kule Trento, mji wa Italia, Kenya na Italia zilitia sahihi mkataba mpya wa kituo hiki. Humu ndimo nataka mtege masikio. Mkataba ule una mipango mitano iliyoambatanishwa nao: kituo cha kanda cha kuangalia dunia kwa satelaiti, msaada kwa shirika letu la anga, haki ya kupata data, elimu na mafunzo, na matibabu ya mbali. Mnaona uzito wake? Matibabu ya mbali maana yake daktari bingwa anaweza kumwona mgonjwa wa Marafa au Ngomeni bila mgonjwa kusafirishwa. Data ya satelaiti maana yake kujua mikoko imekatwa wapi, Sabaki inamwaga udongo kiasi gani baharini, mvua inakuja au imetuepuka. Elimu na mafunzo maana yake nafasi za masomo. Waitaliano waliupeleka mkataba huo bungeni kwao ukaridhiwa. Mwaka 2017 Kenya ikaanzisha Shirika la Anga. Mei 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofanyiwa kazi pamoja na chuo cha Sapienza cha Rome, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga. Machi 2023 Rais Sergio Mattarella wa Italia alipozuru Kenya, alifika mpaka kituo cha hapa kwetu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Aprili, satelaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Kutoka California, wanangu, na Ngomeni ipo.

Na Januari 2024 viongozi wa Afrika waliitwa Rome, Italia ikatangaza mpango wake wa ushirikiano na Afrika, uitwao wa Mattei, wenye yuro bilioni 5.5, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kuanzia. Kwa hiyo mawaziri wataendelea kuja. Wa Italia watakuja, wa China, wa Oman, wa Uturuki. Swali langu ni moja na nitalirudia kila nikipewa kipaza sauti: katika yale matano ya Trento, Malindi imepata lipi, lini, na nani anaweza kulionyesha kwa kidole? Silaumu mtu. Nataka jibu, na jibu halitakuja kwa watu ambao hawajausoma mkataba.

Mtu ataniambia, mwalimu, hayo ni mambo ya wakubwa, mwananchi wa kawaida atayawezaje? Ngoja nimpeleke Lamu. Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walikutana Lamu wakazindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na mabomba ya kuziunganisha nchi tatu. Kama ni kuimarisha uhusiano, hakuna zaidi ya hapo. Lakini bahari ilichimbwa na mvuvi wa Lamu hakuulizwa. Mahali alipokuwa akitega kwa mashua ndogo na dema, pakawa njia ya meli. Wavuvi hawakurusha mawe. Walikusanya karatasi zao wakaenda mahakamani, na kesi hiyo iliamuliwa hapa hapa kwetu, Mahakama Kuu ya Malindi, tarehe 30 Aprili 2018. Majaji walisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao imevunjwa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malipo yenyewe yalizungushwa sana baadaye, najua, na wapo waliofariki wakisubiri. Lakini hukumu iliandikwa, na iliandikwa kwa sababu wavuvi waliijua Katiba kuliko waliokuja kuwafukuza.

Haya, tuseme waziri wa nje wa Italia atakuja mwakani au mwaka wa pili wake. Tumwambie nini?

Kwanza viza, na hili ni lake hasa, kwa sababu balozi za Italia zinazotoa viza ziko chini ya wizara yake. Tangu Januari 2024 Kenya imeondoa viza kwa wageni. Mtalii anajaza kibali mtandaoni akiwa kitandani kwake, analipa, anakuja. Kijana wetu akialikwa Italia na watu waliokula kwake miaka kumi, analipa yuro 90, anapeleka hati za benki, barua za kazi, cheti cha hiki na kile, na akikataliwa pesa hazirudi. Sitaki tufunge mlango wetu. Nataka wa kwao ufunguke kidogo, angalau kwa wanafunzi, mafundi, wapishi na wanamichezo wanaotoka mji ambao umewapokea watu wao hivi. Linaweza kuandikwa. Nchi huandikiana mambo kama haya kila siku.

La pili ni zito, na naomba radhi kwa kina mama nikilitaja hadharani. Katika mji huu kuna watoto ambao baba zao ni Waitaliano, na baba kaondoka. Kwa Katiba yetu watoto hao ni Wakenya kamili, mama yake Mkenya basi yamekwisha. Lakini sheria ya Italia nayo ina haki za mtoto wa Mtaliano, na ili azifikie baba sharti amtambue kisheria. Mama anayeuza viazi karai Maweni ataanza wapi? Atamtafuta mtu Milan kwa nambari ya simu iliyozimwa? Hii ni kazi ya ubalozi: ofisa anayefika Malindi kwa siku inayojulikana, akae, asikilize, aandike majina, asaidie hati. Uhusiano wa nchi mbili uko kwenye uso wa watoto wale. Hakuna waziri anayeweza kusema haumhusu, na mimi nikipata nafasi ya kusema naye dakika moja tu, nitaacha yote mengine niseme hili.

Kuna kupanuliwa kwa uwanja wa ndege wa hapa, ambako mnakusikia tangu mmezaliwa, na wageni bado wanatua Mombasa kisha wanakaa barabarani kilomita 120. Hilo ni la serikali yetu zaidi kuliko la mgeni, silirefushi.

Nirudi kwenye mafunzo. Yameandikwa Trento, kwa hiyo hapa hatuombi, tunauliza. Nafasi ngapi za masomo zimetoka, zilitangazwa wapi, na mtoto wa Magarini angejuaje? Tuombe zitangazwe kwa Kiswahili, kwenye redio zetu za Pwani, na kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Tuombe pia shule zetu za sekondari zipewe siku za kuingia kituoni kuona antena zikifanya kazi. Mtoto akiona mara moja, mwalimu wa fizikia amepunguziwa nusu ya kazi.

Sasa hili la mwisho ni letu sote. Nimesema vijana wa Malindi wanajua Kiitaliano. Mkataba wa Trento ulipitia bunge la Italia, na mambo ya bunge lao yanachapishwa kwa Kiitaliano, yako wazi kwenye intaneti. Kiitaliano hicho mnachouzia vikoi na safari za Gedi kinatosha kusomea mkataba, na pakiwa na neno gumu la kisheria tutamwita wakili mmoja wa mji huu, wapo na wana moyo. Na ibara ya 35 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, hivyo nakala ya upande wetu tutaiomba kwa barua. Barua nimeshaiandika rasimu. Inahitaji sahihi zenu, za wazee kwanza.

Jumamosi ijayo baada ya laasiri, hapa hapa. Wenye Kiitaliano waje na kalamu na simu zenye bando. Tutagawana kurasa, kila watu wawili ukurasa mmoja, tuutoe kwa Kiswahili. Mwalimu wenu wa kompyuta amekubali kuupiga chapa. Kina mama wa vikundi, mwaja pia, ila safari hii bila sare na bila ngoma. Mtakuja kukaa mbele mtuambie katika haya tuliyoyasema mnataka lipi liandikwe juu. Wa Ngomeni mkikosa nauli niambieni leo kabla hamjatoka, tutachangishana hapa mlangoni.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna maswali, tuanze na yule dada aliyeinua mkono pale nyuma.